Kudukuana bila kukatiana waya: jinsi mataifa makubwa yanavyogombana na kusaidiana mtandaoni

Tarehe 24 Novemba 2021, mhandisi wa kitengo cha usalama cha Alibaba Cloud, kampuni ya China, aliwaandikia watu wanaojitolea kutunza programu za Apache, taasisi iliyosajiliwa Marekani, kuwaarifu kwamba Log4j ina tundu. Log4j ni kipande kidogo cha programu ambacho mtumiaji wa kawaida hakioni kamwe. Kazi yake ni kuandika kumbukumbu za yanayotokea ndani ya seva: nani kaingia, saa ngapi, kaandika nini, wapi pamegoma. Tundu lenyewe lilikuwa jepesi kiasi cha kutia aibu. Mtu akiandika kwenye kisanduku chochote, iwe cha jina la mtumiaji au cha gumzo la mchezo, maneno yanayoanza na ${jndi:ldap:// yakifuatwa na anwani ya seva yake, Log4j haikuishia kuyaandika. Iliyatii. Ilikwenda kwenye anwani ile, ikachukua ilichokikuta huko na kukiendesha. Ni kama mgeni kukabidhiwa funguo za nyumba kwa sababu tu ametia saini kitabu cha wageni.

Habari zilipotoka hadharani kabla ya katikati ya Desemba, tundu lile lilipewa namba CVE-2021-44228 na alama 10 kati ya 10 za ukali. Mabenki, wizara na viwanda vya kila upande wa dunia vilikuwa na Log4j, vingi bila kujijua, kwa sababu ilikuwa imejibanza ndani ya programu nyingine zilizonunuliwa zikiwa tayari. Kabla mwezi haujaisha, wizara ya viwanda na teknolojia ya habari ya China iliisimamisha Alibaba Cloud kwa miezi 6 katika ushirikiano wao wa kupeana taarifa za vitisho vya mtandaoni. Kosa lake lilikuwa kuchelewa kuiarifu wizara.

Barua moja ilibeba ugomvi na ushirikiano kwa pamoja, ndiyo maana inafaa kuanzia hapo. Kombora la adui halikai ghalani mwako, lakini tundu la programu linakaa kwa wote. Windows iliyokuwa kwenye meza za Washington ndiyo iliyokuwa kwenye meza za Moscow. Silaha ya mtandaoni, ukiivua mapambo yote, ni taarifa tu: najua mlango uliopo, na mwenye nyumba hajui. Ukikaa nayo kimya unaweza kuingia kwa jirani, ila mlango uleule uko wazi kwako pia. Ukimwambia mtengenezaji auzibe, umejilinda, umemlinda na hasimu wako, na silaha yako imekufa siku hiyohiyo. Karibu yote ambayo mataifa makubwa yanafanya kwenye uwanja huu, mashambulizi na mikataba, yanatokana na uamuzi huo mmoja.

Tundu linapofungiwa kabatini

Tundu ambalo mtengenezaji bado hajalijua huitwa udhaifu wa siku sifuri, kwa maana amepata siku sifuri za kulishughulikia. Serikali zikilipata zina utaratibu wa kuamua la kufanya. Marekani ilichapisha wake Novemba 2017: wawakilishi wa idara mbalimbali, za ujasusi na za kiraia, hukaa na kupima kama tundu liripotiwe kwa mtengenezaji au libaki kuwa nyenzo ya kazi. China iliweka kanuni zilizoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2021, zinazowataka watengenezaji wa bidhaa za mtandao kuiripotia wizara ndani ya siku 2 baada ya kugundua tundu. Kwenye karatasi lengo ni ulinzi. Wakosoaji wanasema serikali inapata orodha ya milango iliyo wazi kabla haijafungwa. Ukweli ni kwamba wote wanapika chungu kimoja, tofauti ni nani kashika mwiko.

Kabati hilo likivunjwa, matokeo yake yanajulikana. Shirika la usalama wa taifa la Marekani, NSA, lilikuwa na nyenzo iliyoitwa EternalBlue, iliyopenya kupitia sehemu ya zamani ya Windows inayotumika kushirikishana mafaili kati ya kompyuta za mtandao mmoja. Nyenzo hiyo iliibwa. Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu, tarehe 14 Machi 2017, na mwezi mmoja baadaye kundi lililojiita Shadow Brokers likaimwaga hadharani. Tarehe 12 Mei ikaja WannaCry, programu hasidi ya kufunga mafaili na kudai fidia, ambayo Marekani na Uingereza ziliihusisha na Korea Kaskazini. Hospitali za Uingereza zilifuta maelfu ya miadi ya wagonjwa, na wizara ya mambo ya ndani ya Urusi ilikiri kuwa kompyuta zake zipatazo 1,000 ziliambukizwa. Vituo vya mafuta nchini China vilishindwa kupokea malipo ya kadi. Silaha iliyotengenezwa na taifa moja, ikaibwa na watu wengine, ikatumiwa na taifa la tatu, ikawaangukia wote bila kuuliza uraia. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila hapa aliingia na majirani.

Wiki sita baadaye, tarehe 27 Juni 2017, EternalBlue ilirudi ndani ya NotPetya. Hii ilipandikizwa kwenye masasisho ya M.E.Doc, programu ya mahesabu ya kodi inayotumiwa na kampuni nyingi za Ukraine. Ilijifanya ya kudai fidia, lakini haikuwa na namna ya kurudisha mafaili hata kwa aliyelipa. Kilichoifanya iwe kali ni kuunganisha mbinu mbili. EternalBlue iliiingiza kwenye kompyuta ambayo haijatiwa kiraka. Ikishafika hapo, ilichota nywila zilizobaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta hiyo, kisha ikazitumia kuingia kihalali kabisa kwenye kompyuta zilizotiwa kiraka. Kwa hiyo kampuni iliyosasisha kompyuta 999 kati ya 1,000 ilikuwa hatarini karibu sawa na ile isiyosasisha hata moja.

Kampuni ya meli ya Maersk ilikuwa na ofisi Ukraine zilizotumia M.E.Doc. Kwa mujibu wa mwenyekiti wake wa wakati huo, ililazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku 10. Tatizo lililokaribia kuiua lilikuwa kwenye seva zinazotunza orodha ya watumiaji wote na haki zao. Zilikuwa zaidi ya mia moja, zimetawanywa duniani, kila moja ikinakili nyingine, kwa imani kwamba haziwezi kufa zote kwa pamoja. Zikafa zote kwa pamoja, isipokuwa moja ya Ghana, ambayo umeme ulikuwa umekatika kabla shambulio halijafika, hivyo haikuwa mtandaoni. Intaneti ya pale haikutosha kutuma data zote kwa wakati, na nakala ikasafirishwa kwa ndege, mkono kwa mkono, mpaka Uingereza. Somo la kiufundi hapa ni moja: nakala inayojisasisha yenyewe kila dakika haihesabiki kuwa akiba. Akiba ni ile ambayo waya wake umechomolewa.

Ikulu ya Marekani ilikadiria hasara ya NotPetya duniani kuwa zaidi ya dola bilioni 10 na ikailaumu Urusi, ambayo ilikanusha. Rosneft, kampuni kubwa ya mafuta ya Urusi yenyewe, ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa.

Si kila kuingia ni vita

Neno "shambulio" limebebeshwa mizigo mingi mno kwenye vyombo vya habari. Anayeiba siri za serikali, anayeiba michoro ya injini, anayejificha ndani ya mtambo wa maji akisubiri amri na anayezima umeme, wote huitwa washambuliaji, ilhali mataifa yenyewe huwatazama kwa macho tofauti kabisa.

Ujasusi wa serikali kwa serikali unavumiliwa. Mwaka 2015 ilibainika kuwa wadukuzi wamechota kumbukumbu za watu milioni 21.5 kutoka ofisi inayosimamia watumishi wa serikali ya Marekani, pamoja na alama za vidole za watu milioni 5.6. Ni taarifa za watu waliochunguzwa ili wapewe vibali vya siri, zikiwemo za madeni yao, ndoa zao na marafiki wa nje. Mkuu wa ujasusi wa Marekani wa wakati huo, James Clapper, alisema hadharani kuwa inabidi kuwapigia saluti Wachina kwa walichofanya. Hakuwa anatania. Alijua kuwa watu wake wangepata nafasi kama hiyo wasingeiacha, na nyaraka zilizovujishwa mwaka 2013 na Edward Snowden, aliyewahi kuifanyia kazi NSA, zilionyesha Marekani ikiingia kwenye mitambo ya Huawei yenyewe, kampuni ya mawasiliano ya China.

Wizi wa siri za kibiashara ni jambo jingine, na tutalirudia, maana ndipo palipopatikana mkataba uliofanya kazi kwa muda.

La tatu ni kutega, na ndilo linalowanyima usingizi walinzi wa mifumo kwa sasa. Mei 2023 Microsoft na mashirika ya Marekani walitangaza kundi walilolipa jina la Volt Typhoon, wakilihusisha na China, ambayo imekana. Kundi hili halikuingiza programu hasidi nyingi za kunaswa na kinga za kawaida. Lilitumia nyenzo ambazo tayari zimo ndani ya Windows: PowerShell, wmic, netsh, na ntdsutil, ambayo msimamizi yeyote wa mfumo huitumia kunakili hifadhi ya akaunti zote. Kinga ya kompyuta ikitazama haioni mwizi, inaona fundi wa zamu. Mawasiliano yake yalipitishwa kwenye ruta (vifaa vya kusambaza intaneti) za majumbani na za ofisi ndogo nchini Marekani kwenyewe, nyingi zikiwa Cisco na Netgear zilizopitwa na wakati, ambazo watengenezaji walishaacha kuzitolea masasisho. Kwa hiyo anayeingia mtambo wa umeme alionekana ni mkazi wa mtaa wa pili.

Desemba 2023 polisi wa FBI, kwa idhini ya mahakama, walituma amri kwenye ruta hizo kufuta programu ile na kuikatia mawasiliano na wenyewe. Lakini mwenye ruta akiizima na kuiwasha tena, kizuizi kinaondoka na tundu linabaki palepale, kwa kuwa hakuna kiraka kitakachokuja. Dawa ni kuitupa ruta. Februari 2024 mashirika ya Marekani yalisema kundi hilo lilikuwa limekaa ndani ya baadhi ya mifumo kwa angalau miaka 5, kwenye mawasiliano, nishati, uchukuzi na maji. Hapo hapana siri za kuiba. Mtu hakai miaka 5 kwenye pampu za maji akisoma barua za watu.

Kuharibu kwa karibu

Uharibifu wa kweli kwa njia ya mtandao ni mgumu kuliko sinema zinavyoonyesha. Stuxnet, iliyogunduliwa Juni 2010, ndiyo mfano unaofundisha zaidi. Ililenga sentrifuji za Natanz, Iran: mapipa membamba yanayozungushwa kwa kasi kubwa ili kurutubisha urani. Kituo hakikuunganishwa na intaneti, hivyo iliingia kwa kijiti cha USB. Ilitumia tundu 4 za siku sifuri za Windows na vyeti vya kidijitali vilivyoibwa kwa kampuni mbili za Taiwan ili ionekane programu halali. Ndani yake kulikuwa na masharti: isifanye chochote mpaka ikute vidhibiti vya Siemens vya aina fulani, vilivyounganishwa na vifaa vya kubadili kasi ya mota vya watengenezaji wawili tu, zikizunguka kati ya hezi (mizunguko kwa sekunde) 807 na 1,210.

Masharti yakitimia, ilisubiri. Kisha ilipandisha kasi kutoka hezi 1,064 za kawaida hadi 1,410 kwa dakika 15 na kuirudisha. Siku 27 baadaye iliishusha hadi hezi 2 kwa dakika 50, ikairudisha tena. Wakati huo waendeshaji chumbani walioneshwa takwimu za hali ya kawaida. Mitambo ilikufa mmojammoja, kama vile vipuri ni vibovu. Vyombo vya habari viliihusisha na Marekani na Israel, na hakuna serikali kati ya hizo iliyokiri rasmi. Pamoja na uangalifu wote huo, ilitoka nje ya lengo lake: ndani ya miezi michache kompyuta zipatazo 100,000 zilikuwa zimeambukizwa. Hazikudhurika, kwa kuwa masharti hayakutimia. Linganisha na NotPetya, isiyokuwa na masharti ya namna hiyo. Huo ndio umbali kati ya kazi ya mshale na kazi ya moto wa nyikani.

Mfano wa pili ni umeme wa Ukraine, tarehe 23 Desemba 2015. Miezi kadhaa kabla, wafanyakazi wa kampuni tatu za usambazaji walikuwa wamefungua mafaili ya Word yaliyowaomba waruhusu makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili. Wadukuzi wakapata nywila, wakajifunza mfumo taratibu, wakaingia kwa njia ya wafanyakazi wanaofanya kazi wakiwa mbali, ambayo haikuwa na uthibitisho wa hatua mbili. Siku ya siku, waendeshaji waliona kishale cha kipanya kikitembea chenyewe kwenye kioo, kikifungua swichi za vituo vya kupozea umeme kimoja baada ya kingine, huku mikono yao haiko mezani. Wateja wapatao 225,000 wakabaki gizani. Simu za huduma kwa wateja zilifurikwa na simu bandia ili malalamiko yasipite. Vifaa vinavyounganisha kompyuta na swichi viliharibiwa programu zake za ndani, hata amri halali isiweze kufika.

Umeme ulirudi ndani ya saa chache kwa sababu mafundi walipanda magari na kwenda kuzirudisha swichi kwa mkono. Miundombinu yao ya zamani ndiyo iliyowaokoa. Nchi ambazo zimeondoa mikono yote ya chuma na kuacha vioo vya kugusa zina la kujifunza hapo.

Nani kafanya?

Kumtambua mdukuzi hufanywa kwa kukusanya vitu vidogo: saa ambazo programu ziliandikwa, lugha ya kibodi, seva zilizotumika zamani kwenye kazi nyingine, tabia za uandishi wa msimbo. Kila kimoja kinaweza kughushiwa. Kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya majira ya baridi ya Pyeongchang, Februari 2018, programu hasidi iliangusha mifumo ya michezo hiyo. Ndani yake mlikuwa na alama ndogo inayoachwa na kitengenezea programu, inayofanana na ya wadukuzi wa Korea Kaskazini. Wachunguzi wa Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walipoilinganisha na msimbo wenyewe wakakuta haviendani: alama ilinakiliwa makusudi. Oktoba 2020 Marekani iliwashtaki maofisa 6 wa ujasusi wa kijeshi wa Urusi kwa shambulio hilo na NotPetya kwa pamoja.

Kwa hiyo serikali inaponyoosha kidole, mara nyingi ushahidi wake mkubwa ni ule isioweza kuuonyesha, kwa kuwa imeupata kwa kudukua upande wa pili. Mashtaka ya aina hii hayampeleki mtu gerezani. Yanamfungia mshtakiwa likizo za nje, na yanampa mwanadiplomasia kitu cha kuweka mezani. China nayo imeanza kutumia njia hiyohiyo: Aprili 2025 polisi wa Harbin waliwataja kwa majina watu watatu waliosema ni wa NSA, kwa madai ya kuingilia mifumo ya Michezo ya Asia ya majira ya baridi.

Mikataba midogo, na kwa nini midogo ndiyo hudumu

Tarehe 25 Septemba 2015, Barack Obama na Xi Jinping walikubaliana jambo jembamba sana: serikali zao hazitaiba, wala kuunga mkono kwa kujua, siri za biashara kwa njia ya mtandao kwa nia ya kuzipa kampuni zao faida. Ujasusi wa kawaida haukuguswa. Haikuja kwa upendo: mwaka mmoja kabla, Marekani ilikuwa imewashtaki maofisa 5 wa jeshi la China, na vikwazo vilikuwa vimeshaandaliwa. Kampuni za usalama zikaona uvamizi wa aina hiyo ukipungua sana kufikia katikati ya 2016. Kisha uhusiano wa kibiashara ukaharibika, na kufikia mwisho wa 2018 Marekani ilikuwa ikisema waziwazi kuwa makubaliano yamevunjwa. Yalidumu kadiri kila upande ulivyokuwa na cha kupoteza.

Marekani na Urusi walikuwa na yao ya Juni 2013. Yalikuwa na sehemu tatu: vituo vya kushughulikia dharura za kompyuta vibadilishane viashiria vya programu hasidi, ofisi za kupunguza hatari ya nyuklia zilizoanzishwa mwaka 1987 zitumike pia kupeleka ujumbe wa mtandaoni, na iwepo laini ya simu kati ya maofisa wa juu. Njia ya ofisi za nyuklia ilitumika Oktoba 2016, Washington ilipotuma onyo kuhusu kuingiliwa kwa uchaguzi.

Ushirikiano ulioonekana kwa macho zaidi ulidumu wiki sita. Mei 2021 DarkSide, genge la kudai fidia ambalo Marekani ilisema liko Urusi, lilisababisha kusimamishwa kwa bomba la mafuta la Colonial nchini Marekani, baada ya kuingia kwa nywila moja ya akaunti ya zamani isiyo na uthibitisho wa hatua mbili. Kampuni ililipa bitikoini 75, na wapelelezi wakafanikiwa kurudisha 63.7. Mwezi uliofuata, Geneva, Joe Biden alimpa Vladimir Putin orodha ya sekta 16 zisizopaswa kuguswa. Wapo waliocheka, kwamba kumpa mtu orodha ya vitu usivyotaka avunje ni kumwonyesha vya kuvunja, ingawa orodha yenyewe ilikuwa hadharani siku zote. Kisha tarehe 14 Januari 2022 idara ya usalama ya Urusi, FSB, iliwakamata watu wa genge jingine, REvil, ikisema ni kwa taarifa za Marekani, na kuzuia zaidi ya rubo milioni 426 na magari 20 ya kifahari. Tarehe 24 Februari majeshi ya Urusi yakaingia Ukraine. Kufikia Aprili, ofisa wa Baraza la Usalama la Urusi alikuwa akisema Wamarekani wamefunga njia hiyo ya mawasiliano.

Siku ileile ya uvamizi, modemu za KA-SAT, setilaiti ya intaneti, zilifutwa programu zake ili kuwanyima Waukraine mawasiliano. Ujerumani, mitambo 5,800 ya umeme wa upepo iliyotegemea setilaiti hiyohiyo ikapoteza usimamizi wa mbali. Siku nne baadaye Ukraine iliiomba ICANN, taasisi inayosimamia mfumo wa majina ya intaneti, iiondoe Urusi kwa kufuta kikoa cha .ru. ICANN ilikataa tarehe 2 Machi. Ingekubali, kila nchi ingejua kuwa mzizi wa intaneti unaweza kutumiwa kama silaha, na kila yenye uwezo ingejenga mzizi wake. Hapa ndipo penye mpaka halisi ambao, katikati ya vita, haujavukwa: wanadukuana usiku kucha, lakini waya wenyewe hawaukati, kwa kuwa hata mdukuzi anauhitaji.

Kwenye chipu, uzi ni huohuo

Ugomvi wa chipu unaonekana tofauti, kwa kuwa chipu hushikika mkononi, lakini mantiki haijabadilika: kila mmoja ameshika kitu ambacho mwenzake hawezi kuendelea bila hicho. Chipu bora kabisa huchorwa kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 13.5. Mwanga huo hupatikana kwa kupiga leza matone ya bati iliyoyeyuka, matone 50,000 kila sekunde. Mashine ya kazi hiyo hutengenezwa na kampuni moja duniani, ASML ya Uholanzi, kwa vioo vya Zeiss na leza za Trumpf za Ujerumani, na chanzo cha mwanga kilichobuniwa San Diego. Kile kipande cha San Diego ndicho kinachoipa Washington sauti katika mauzo ya Mholanzi. China haijawahi kuuziwa mashine hiyo, na tangu tarehe 7 Oktoba 2022 Marekani imebana pia chipu za akili mnemba na vifaa vya kuzitengenezea.

Jibu lilikuja kutoka chini ya ardhi. Agosti 2023 China ilianza kudai leseni kwa anayesafirisha galiamu na jerimaniamu. Galiamu hupatikana kama mabaki ya usafishaji wa madini ya alumini, na karibu yote ghafi ya dunia hutoka China. Desemba 2024 ikapiga marufuku kuziuza Marekani, na Novemba 2025 ikasimamisha marufuku hiyo kwa mwaka mmoja. Haikuifuta. Kushika breki bila kuikanyaga ni kazi pia. Vizuizi vya Marekani navyo vimefanya kazi nusu: Agosti 2023 Huawei ilitoa simu yenye chipu ya nanomita 7 iliyotengenezwa na SMIC ya China kwa mashine za kizazi cha nyuma, kwa kurudia kuchora tabaka lilelile mara kadhaa. Inawezekana, ila kila kurudia kunaongeza nafasi ya makosa na chipu za kutupa, hivyo gharama hupanda.

Katikati ya yote hayo, Desemba 2024 nchi hizo mbili ziliongeza kwa miaka 5 mkataba wa sayansi waliousaini mwaka 1979, wakiupunguza ubaki kwenye utafiti wa msingi. Mwezi mmoja kabla, jijini Lima, Biden na Xi walikubaliana kwamba uamuzi wa kutumia silaha za nyuklia ubaki mikononi mwa binadamu, usiachiwe akili mnemba.

Kwenye Umoja wa Mataifa mambo huenda polepole zaidi. Kanuni 11 za mwenendo zilikubaliwa mwaka 2015, zikiwemo mbili ninazoziona za maana kuliko zote: usiharibu miundombinu muhimu ya mwenzako wakati wa amani, na usiguse vikosi vyake vya dharura za kompyuta, wala kuvitumia vya kwako kudukua. Hazina nguvu ya sheria. Mkataba wa uhalifu wa mtandaoni, uliopendekezwa na Urusi na kupitishwa na Baraza Kuu tarehe 24 Desemba 2024, unasubiri kuridhiwa na nchi 40, huku mashirika ya haki za binadamu yakilalamika kuwa unafungua mno mlango wa serikali kuombana data za watu.

Kilichokwishaanza kufanya kazi ni kidogo zaidi ya vyote. Tangu Mei 2024 ipo orodha ya Umoja wa Mataifa ya watu wa kuwasiliana nao: kila nchi inayojiunga huandikisha, inapowezekana, ofisa wa kidiplomasia na wa kiufundi, ili mtambo ukizimika na kidole kikaanza kunyooshwa, kuwe na wa kuuliza "Ni ninyi?" kabla ya kujibu kwa nguvu. Mara kwa mara Umoja wa Mataifa hutuma ujumbe wa majaribio kwenye anwani hizo, na kuangalia ni zipi zinazojibu.